Ngozi nyororo kwa wiki 12: mwongozo kamili kwa mkazi wa Moshi na Arusha

Kila Novemba swali ni lilelile hapa saluni kwangu Moshi. Watu wanakaribia kupanda nyumbani kwa Krismasi, ngozi imepauka, mashavu yana vipele, paji la uso lina madoa, nao wanataka kitu cha wiki mbili. Wanakipata mahali, wanapaka, na Januari wanarudi wakiwa na hali mbaya kuliko ile ya mwanzo.

Mwaka jana alikuja binti mmoja wa Pasua akiwa na begi la shule. Alilifungua mezani akaanza kutoa kimoja kimoja: vikopo tisa. Viwili havikuwa na lebo. Kulikuwa na kipande cha sabuni ya mche, nusu ya limau ndani ya nailoni, na dawa ya meno ya kupaka juu ya chunusi. Vyote alikuwa amevianza ndani ya wiki tatu. Mashavu yake yalikuwa yanang'aa kama yamevishwa nailoni, na nilipomgusa alishtuka kwa maumivu. Hakuwa mzembe hata kidogo. Alijitahidi kupita kiasi.

Nimeona hali hiyo mara nyingi mno, ndiyo maana naandika hatua zote kwa mpangilio pamoja na sababu ya kila moja. Wengi wanaoshindwa hawajakosa dawa. Wanaongeza kitu kipya kabla ngozi haijapona kile cha jana.

Jambo la kujua kabla hujaanza ni muda. Ngozi ya juu ya mtu mzima hujibadilisha kwa takriban siku 28, na umri unavyosonga muda huo hurefuka. Kwa hiyo mabadiliko ya kweli huonekana baada ya mizunguko miwili hadi mitatu. Ukitaka uso wa Krismasi, anza mwanzoni mwa Oktoba.

## Mahitaji

Kusanya vitu hivi kwanza. Havizidi uwezo wa mtu wa kawaida, na vingi unavyo tayari.

Vya bafuni na chumbani:

- Sabuni ya uso isiyo na manukato makali. Ukikosa ya maji, chukua sabuni ya mtoto ya kipande.
- Mafuta ya mgando yasiyo na rangi wala harufu. Kama uso wako una mafuta mengi au chunusi, tafuta losheni nyepesi isiyo na manukato kwa ajili ya uso.
- Chupa ndogo ya glisirini.
- Mafuta ya kujikinga na jua yenye SPF (kipimo cha kinga, huandikwa kwenye kopo) 30 au zaidi.
- Taulo ndogo mbili za uso, au vipande viwili vya kanga kuukuu iliyolainika.
- Foronya mbili za kubadilisha.
- Kofia yenye ukingo mpana, mtandio au mwavuli.

Vya kikapu cha sokoni, kwa wiki: mchicha au mnafu, karoti, viazi lishe, maparachichi, mapera au mapapai, maharage, dagaa, mayai, na karanga au mbegu za maboga. Mbuyuni na Kiboriloni utavipata vyote; wa Arusha ana Kilombero, au Tengeru siku ya Jumamosi.

Na simu yenye kamera. Nitaeleza sababu yake huko mbele.

## Hatua ya 1: Weka vyote pembeni kwa siku 14

Kusanya kila kopo unalopaka usoni, ulifungie mahali. Kwa wiki mbili utatumia sabuni laini, mafuta ya kulainisha na kinga ya jua tu.

Sababu ni kwamba tabaka la juu la ngozi limejengwa kama ukuta: seli ndiyo matofali, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayoshikilia kila kitu mahali pake. Ukisugua sana, ukipaka asidi ya limau, ukiosha kwa sabuni kali, mafuta yale yanatoka. Maji ya ndani yanapotea, vumbi na vijidudu vinaingia. Ngozi hapo inauma, inapauka na kutoa vipele kwa wakati mmoja, na mwenyewe anadhani anahitaji dawa nyingine.

Limau na ndimu nazisemea kwa uchungu, maana yalinipata. Miaka ya nyuma nilipaka ndimu usoni asubuhi, nikaenda zangu sokoni kwa miguu juani. Siku ya pili mashavu yakaanza kuwaka, siku ya nne ikatokea michirizi myeusi pale pale maji ya ndimu yalipopita. Nilikaa nayo miezi minne. Ndimu ina kemikali ambazo zikipigwa na jua huunguza ngozi, na alama yake hubaki nyeusi. Ndimu ni ya kukamulia kwenye chakula.

Onyo kwa anayetumia mkorogo. Kama umekuwa ukipaka krimu za kung'arisha kwa miezi, usiache ghafla peke yako. Nyingi huwa na steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe, kama klobetasoli au betamethasoni. Ngozi inazizoea, na siku ukiziacha inaweza kulipuka: uso unavimba, unawaka, unajaa vipele. Watu wengi hurudia mkorogo kwa hofu ya siku hizo. Nenda kwa daktari wa ngozi akupunguzie taratibu. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi hapa nchini kwa sababu nzito: zebaki huharibu figo, na haidrokwinoni ikitumika muda mrefu huacha weusi wa bluu usiofutika kirahisi. Kopo lisilo na lebo lihesabu kuwa mkorogo hadi ithibitike vinginevyo.

Utajuaje umefanikiwa: kufikia siku ya 10 au 14, uso hauchomi ukinawa maji matupu.

## Hatua ya 2: Jifunze kunawa upya

Nawa uso mara mbili tu kwa siku, asubuhi na jioni. Jioni ndiyo muhimu zaidi. Mtu aliyepanda bodaboda kutoka Kwa Mrombo mwezi wa pili anarudi na vumbi, jasho na moshi vimeshikamana usoni. Akilala navyo, asubuhi vipele vinamsalimia.

Fanya hivi:

1. Nawa mikono kwanza. Mikono michafu haisafishi uso.
2. Tumia maji ya baridi au ya vuguvugu. Jaribu kwa kifundo cha mkono. Kama unahisi moto, uso wako haustahimili.
3. Povusha sabuni mikononi, siyo usoni. Pitisha povu kwa ncha za vidole kwa nusu dakika: paji, pembeni mwa pua, kidevu, chini ya taya.
4. Suuza hadi utelezi uishe. Sabuni inayobaki kwenye mstari wa nywele na chini ya taya ndiyo inayoleta vipele vya sehemu hizo.
5. Kausha kwa kugandamiza taulo taratibu. Usifute. Acha uso ukiwa na unyevunyevu.

Sabuni ya mche ni ya nguo. Ngozi kwa asili ina uchachu kidogo, sabuni za kipande nyingi zina ukali wa magadi, kinyume cha uchachu huo, na ya mche ndiyo kali kuliko zote. Najua bibi zetu waliogea sabuni hiyohiyo na ngozi zao zilikuwa nzuri, lakini hawakuongeza krimu nne juu yake.

Dodoki usilipeleke usoni kabisa. Mwilini, mara moja au mbili kwa wiki inatosha, kwa mkono mwepesi, na lianikwe juani likauke kila baada ya kuoga. Dodoki linaloshinda bafuni likiwa bichi ni makazi ya fangasi.

Onyo la Juni na Julai: baridi ya Arusha inawafanya watu waoge maji ya kutoa mvuke kwa dakika ishirini. Raha yake ni ya muda huohuo. Ukitoka, miguu inawasha na mapaja yana magamba meupe. Vuguvugu, dakika tano hadi kumi, basi.

Utajuaje umefanikiwa: dakika kumi baada ya kunawa, kabla hujapaka chochote, ngozi haibani. Ikibana kama imevutwa nyuma, sabuni yako ni kali au unanawa mara nyingi mno.

## Hatua ya 3: Paka ngozi ikiwa na unyevu

Hapa ndipo wengi hupoteza pesa. Mtu anaoga, anajikausha kabisa, anavaa, anakunywa chai, halafu anakumbuka kupaka mafuta. Mafuta ya mgando hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kuzuia maji yaliyopo yasipotee. Ukiyapaka juu ya ngozi iliyokauka, umefungia ukavu.

Una kama dakika tatu baada ya kuoga. Weka kopo bafuni au karibu na mlango, usilitafute.

Kwa mwili: changanya kijiko kimoja cha chai cha glisirini na vijiko vitatu vya maji safi kiganjani au kwenye kikombe, paka kwenye mikono na miguu iliyo bado na unyevu, halafu juu yake pitisha mafuta ya mgando kidogo. Changanya ya siku hiyo tu. Usipake glisirini tupu, hasa kipindi cha upepo mkavu. Glisirini huvuta maji, na hewa ikiwa kavu itayavuta kutoka ndani ya ngozi yako.

Kwa uso mkavu: chukua mafuta ya mgando kiasi cha punje moja ya mbaazi. Sugua viganja mpaka yayeyuke na yaonekane kama hayapo, kisha gandamiza viganja usoni, shavu kwa shavu, paji, kidevu. Usiburuze. Wateja wangu huniambia hayatoshi. Wakisubiri dakika mbili, wanagusa na kukuta uso umelainika bila kung'aa kama sufuria.

Kwa uso wenye chunusi tumia losheni nyepesi. Usikose kupaka kwa kuwa uso wako una mafuta. Ngozi yenye mafuta nayo hukauka. Mafuta ya nazi yaache mwilini. Ni mazuri kwa magoti, viwiko na nyayo, ila usoni huziba vitundu vya wengi.

Visigino vilivyopasuka: loweka dakika kumi, sugua kidogo kwa jiwe, paka mafuta ya mgando kwa wingi, vaa soksi za pamba, lala. Usiku saba mfululizo.

Utajuaje umefanikiwa: ukipitisha kucha kwenye mguu saa kumi jioni, haiachi mstari mweupe.

## Hatua ya 4: Jizuie na jua, hata siku ya mawingu

Ukikosa hatua hii, madoa hayataisha. Sizungumzii kuungua tu. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, ni kweli, na kinga hiyo inatusaidia dhidi ya mengi. Lakini doa lililoachwa na chunusi likipigwa na jua kila siku linazidi kukolea. Unapaka dawa usiku, jua linairudisha rangi mchana.

Sisi tuko karibu na ikweta, mionzi ni mikali mwaka mzima. Tena tuko juu. Arusha mjini ni takriban mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, Moshi ni chini yake kwa mita mia kadhaa, na mionzi ya jua inayounguza huongezeka kwa karibu asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Ndiyo sababu mtu wa Arusha anaungua huku akiwa amevaa sweta. Ubaridi wa hewa humdanganya.

Anza na vitu visivyoisha: kofia, mtandio, mwavuli, kutembea upande wenye kivuli. Jua kali ni kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni.

Halafu mafuta ya kujikinga. Pima mistari miwili kwenye kidole cha shahada na cha kati, kuanzia shina hadi ncha. Hicho ndicho kiasi cha uso na shingo. Watu hupaka robo yake kisha wanasema hayafanyi kazi. Usisahau masikio na nyuma ya shingo. Paka baada ya losheni kukauka, na ukishinda nje, kama mama anayeuza ndizi barabarani au kijana wa bodaboda, rudia kila baada ya saa mbili. Yakikuacha mweupe kama umepakwa unga, badilisha aina, usiache kutumia.

Kwa mwenye ualbino, hatua hii ni ya uhai. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, hutengenezwa mafuta ya Kilisun yenye SPF 30 kwa ajili yao hasa. Mikono mirefu na kofia pana viende pamoja nayo, tangu mtoto akiwa mdogo.

Utajuaje umefanikiwa: ndani ya wiki nane madoa ya zamani yameanza kufifia kingoni, na hakuna jipya lililokolea.

## Hatua ya 5: Jikoni

Ngozi hujengwa kwa ulichokula wiki zilizopita. Nitaeleza kirefu hapa, maana mkoa wetu una chakula kizuri mno kwa kazi hii na watu wanakipita sokoni kwenda kununua vidonge.

Karoti, viazi lishe, papai, mchicha. Rangi ya njano iliyokolea na kijani kibichi ni dalili ya malighafi ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A, inayosaidia ngozi kujibadilisha vizuri. Malighafi hiyo huhitaji mafuta ili mwili uifyonze. Mchicha wa kuchemsha mtupu, bila tone la mafuta, unakupa sehemu ndogo tu ya faida yake.

Pika hivi. Kaanga kitunguu na karoti moja iliyokwaruzwa kwa kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti. Osha mchicha kabla ya kuukata, ukate wakati sufuria iko tayari, utie, funika dakika tatu au nne. Uepue ungali kijani. Maji yake usimwage. Ukipenda, malizia kwa karanga zilizosagwa. Mnafu unahitaji kuchemshwa zaidi kwa sababu ya uchungu, hilo halina ubishi, lakini nao uungwe kwa mafuta kidogo au tui.

Parachichi. Nusu kwa siku, pamoja na mboga hizo. Mafuta yake ndiyo yanayosaidia kufyonza vitamini za karoti na mchicha. Kila wiki naulizwa kama lipakwe usoni. Halina madhara, ila ni bora ulile tu.

Mapera na machungwa. Vitamini C huhitajika kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoifanya ngozi iwe imara na vidonda vipone. Pera, kwa uzito uleule, lina vitamini hiyo zaidi ya mara tatu ya chungwa, na kwa misimu mingi ni la bei ya chini. Ulile bila kulipika, pamoja na ganda lake.

Maharage, dagaa, mayai, nyama. Bila protini ngozi haina cha kujijengea. Dagaa na nyama hutoa pia zinki na madini ya chuma. Mbegu za maboga zina zinki nzuri. Mtu mwenye upungufu wa damu hupauka na kuwa na weusi chini ya macho ambao hakuna krimu itakayoutoa. Kula pera au chungwa pamoja na maharage, mwili utafyonza madini ya chuma vizuri zaidi. Chai ya rangi isubiri saa moja baada ya chakula, maana huzuia ufyonzaji huo.

Siku moja ya mfano: asubuhi uji wa ulezi bila sukari nyingi na yai la kuchemsha. Mchana ugali wa dona, maharage, mchicha wa karoti, nusu parachichi. Saa kumi pera. Usiku mtori, au ndizi na dagaa. Hakuna kigeni hapo.

### Cha kupunguza

Sukari na wanga mweupe, kwa mwenye chunusi hasa. Chupa ya soda ya kawaida ina sukari kama vijiko vinane au tisa vya chai. Ikiingia pamoja na maandazi matatu, sukari ya damu inapanda kwa kasi, mwili unamwaga insulini, na insulini nyingi huchochea ngozi kutoa mafuta zaidi. Vitundu vinaziba, chunusi zinatoka. Sikuambii usile andazi maisha yako yote. Soda ikiwa ya Jumapili na maandazi yakiwa moja badala ya matatu, baada ya wiki sita utaona.

Maziwa ni suala la mtu na mtu. Tafiti kadhaa zimeona uhusiano wake na chunusi, lakini siyo kwa kila mmoja, na kwetu huku maziwa ni chakula kikubwa cha watoto. Kama una chunusi sugu, acha kwa wiki nne. Usipoona tofauti, rudisha maziwa yako.

Maji: kunywa mpaka mkojo uwe wa njano hafifu. Kunywa lita tano hakulainishi ngozi iliyokaushwa na sabuni kali.

Onyo: usinunue vidonge vya vitamini A kwa ajili ya ngozi bila kuelekezwa. Vikizidi vina sumu, na kwa mjamzito vinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mboga na matunda hayana hatari hiyo. Ukila karoti nyingi kupita kiasi viganja vitakuwa vya njano, nawe utapunguza.

Utajuaje umefanikiwa: usitazame uso kwanza. Dalili za mwanzo ni midomo kutopasuka na vidonda vidogo kufunga haraka.

## Hatua ya 6: Chunusi, madoa na ndevu

Usiminye. Nitasema tena: usiminye. Chunusi usiyoigusa hukaa siku saba hivi, ikaondoka. Uliyoiminya huacha doa la miezi, kwa sababu ngozi yetu ikijeruhiwa hujaza rangi pale palipoumia. Madoa mengi ninayoyaona hapa ni ya kucha.

Badilisha foronya mara mbili kwa wiki. Futa kioo cha simu kila siku. Kama vipele vimejipanga kwenye paji la uso na pembeni mwa masikio, angalia mafuta yako ya nywele: yanashuka usiku. Paka kidogo, nyuma ya mstari wa nywele, na funga kitambaa unapolala.

Kama baada ya wiki nne za hatua zote hizi chunusi bado zinatoka, ongeza kitu kimoja. Uliza duka la dawa krimu au jeli ya benzoili peroksaidi ya asilimia 2.5 au 5. Ya 10 haiponyi zaidi, inachoma zaidi. Ijaribu kwanza nyuma ya sikio kwa siku mbili. Kisha paka kwa wembamba usiku mmoja na kuruka mmoja, eneo lote lenye chunusi. Hubabua rangi za nguo, kwa hiyo tumia taulo na foronya nyeupe. Ipe wiki sita hadi nane. Mjamzito aulize kwanza kliniki.

Kwa wanaume, vipele vya kidevuni na shingoni hutokana na nywele zilizojikunja kurudi ndani ya ngozi baada ya kunyolewa chini sana. Mwambie kinyozi aache urefu kidogo, afuate mwelekeo wa nywele, na asipitishe mashine mara tano sehemu moja. Nunua mashine yako ukiweza. Spiriti kali baada ya kunyoa inaongeza ukavu. Kitambaa chenye maji baridi, kisha losheni, kinatosha.

Usingizi nao una sehemu yake. Wakati umelala ndipo mwili unafanya matengenezo, kwa hiyo lenga kulala kwa muda wa saa saba hadi nane.

## Hatua ya 7: Piga picha, usiamini kioo

Kioo cha kila siku kinakukatisha tamaa, maana mabadiliko ni ya polepole. Piga picha siku ya kwanza, kisha kila Jumapili, mahali palepale, dirisha lilelile, saa ileile, uso ukiwa umenawa na bila chochote. Usitumie programu za kulainisha picha.

Wiki ya 2, mchomo na kubana vimekwisha. Wiki ya 4, mwili haupauki na chunusi mpya zimepungua. Wiki ya 8, madoa yanafifia kingoni. Wiki ya 12, linganisha na picha ya kwanza. Binti wa Pasua alilia kidogo aliponionyesha yake, na madoa mawili ya shavu la kushoto bado yalikuwepo.

Wakati wote huo, ukitaka kuongeza kitu kipya, kiwe kimoja, na usubiri wiki mbili kabla ya kingine. Ukiongeza viwili kwa pamoja na uso ukaharibika, hutajua kipi kimekuumiza.

## Wakati wa kwenda hospitali

Mwongozo huu ni wa ngozi kavu, iliyopauka, yenye chunusi za kawaida na madoa yake. Usiendelee nao nyumbani ukiona haya:

- Baka lililopauka ambalo halina hisia yoyote likiguswa kwa unyoya au pamba. Hilo lisisubiri hata wiki. Linaweza kuwa dalili ya ukoma, ambao hutibika ukiwahiwa.
- Muwasho unaozidi usiku na watu wengine nyumbani nao wanajikuna. Huo huenda ni upele wa kuambukizana, na hutibiwa nyumba nzima siku moja.
- Kidonda kisichofunga kwa wiki kadhaa, au alama nyeusi inayobadilika umbo, hasa kwenye nyayo na chini ya kucha. Kwa mwenye ualbino, kidonda chochote cha usoni, masikioni au midomoni.
- Chunusi kubwa, ngumu, zenye maumivu, zinazoacha mashimo.
- Ukurutu unaotoa maji au usaha.

Moshi tuna bahati. KCMC ina kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, na kimefundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika. Aliye Arusha anaweza kuanzia Hospitali ya Mkoa ya Mount Meru.

Siku ya kwenda, nawa uso na usipake chochote. Beba picha zako za Jumapili, na beba vikopo vyote ulivyowahi kutumia, hata visivyo na lebo, hata vile unavyoona aibu kuvionyesha. Daktari ataanzia hapo.